Nusu ya mnara iko mtoni: barua ya wazi kwa wanaotunza ngome ya Bothwell

Kwa waheshimiwa mliokabidhiwa majengo ya kale ya Scotland,

Salamu kwenu, na baada ya salamu nina ombi.

Linahusu mnara mmoja. Mnaufahamu: ule wa mviringo, wa mawe mekundu, uliosimama upande wa magharibi wa ngome ya Bothwell, pale Mto Clyde unapojipinda chini ya mteremko wenye miti. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ninayoifundisha kila Jumamosi hapa Glasgow, kwa watoto ambao wazazi wao walitoka Bujumbura, Bukavu, Mombasa na Tanga. Nataka wazazi hao, na ndugu zao walioko nyumbani, wasome ninachowaomba. Wafasiri hamtawakosa.

Mwezi Machi niliwapeleka watoto hao ngomeni. Tulipanda treni hadi Uddingston, kisha tukatembea. Ukisimama uani, ndani ya kuta, mnara unakutazama kana kwamba ni mzima: ukuta mpana wa mduara, mlango wake juu ya handaki, madirisha membamba. Tulipozunguka kwa nje upande wa mto ndipo walipoona kwamba mduara unakatika. Kuna ukuta ulionyooka ambapo tumbo la mnara lilitakiwa kuwa. Binti mmoja wa miaka tisa akaniuliza, "Mwalimu, nusu nyingine iko wapi?"

Nikamwonyesha mto.

"Nani aliitupa?"

Wenzake wakamjibu kabla sijafungua mdomo: Waingereza. Walikuwa wamekwishasikia habari za vita, na katika hadithi za vita adui ndiye abomoaye. Niliwaambia hapana. Aliyeubomoa mnara huu ni mwenyewe, mrithi halali wa ngome. Hapo ndipo kimya kilipoingia, na kimya hicho ndicho kilichonifanya nikae chini niwaandikie.

Naomba mniruhusu nieleze kisa kama nilivyowaeleza wao, maana ombi langu limo ndani yake.

Ardhi ya Bothwell iliwafikia akina Moray kwa ndoa, mwaka 1242, kutoka kwa ukoo wa Olifard. Walter wa Moray na waliomfuata walidhamiria kujenga ngome ambayo Scotland haikuwa imeona mfano wake. Walianza na mnara mkuu, makao ya bwana mwenyewe: upana wa mita 20 hivi kutoka ukingo hadi ukingo, kuta zenye unene wa karibu mita 5, na handaki lake peke yake lililochimbwa ili hata adui akishaingia uani akute bado ana kazi. Upande wa kaskazini walipanga lango lenye minara pacha na kuta ndefu za kuzunguka uwanja mpana. Misingi ikawekwa. Kuta hazikuinuka. Vita vya mwaka 1296 viliwakuta bado wanajenga, na mistari ya ile misingi imelala kwenye nyasi mpaka leo, ikionyesha ukubwa wa ngome ambayo haikupata kuwepo. Watoto waliikimbilia mistari hiyo na kurukaruka juu yake. Mimi nilisimama pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Sijui kwa nini jengo lisilojengwa linagusa moyo kuliko lililobomoka, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Edward wa Kwanza, mfalme wa England, aliivamia Scotland mwaka huo 1296 na ngome ikaangukia mikononi mwa watu wake. Miaka miwili baadaye Waskoti wakaizingira. Askari wa Kiingereza waliokuwa ndani, chini ya Stephen de Brampton, walishikilia kwa miezi 14. Hebu fikirini hiyo miezi 14: mvua ya hapa, baridi ya hapa, chakula kinapungua, na nje ya ukuta kuna watu wanaosubiri tu. Hatimaye, mwaka 1299, ngome ikarudi kwa Waskoti.

Edward hakukubali. Mwaka 1301 alikuja mwenyewe na watu 6,800. Huko Glasgow mafundi wake waliunda mnara wa mbao wa kusukumwa hadi ukutani, mrefu wa kutosha askari kuruka kutoka juu yake na kuingia ndani. Ulibebwa kwa vipande kwenye mikokoteni 30 hadi Bothwell, safari ya siku mbili kwa njia ambayo treni yetu ilitumia dakika chache. Mwezi wa Septemba ngome ikasalimu amri. Tulipokuwa tukirudi niliwaambia watoto wahesabu mabehewa, kisha wafikirie mikokoteni 30 yenye mbao inayokokotwa na wanyama kwenye tope. Naamini hakuna aliyesahau.

Ngome akapewa Aymer de Valence, na kwa miaka kadhaa ikawa kituo cha Waingereza katika bonde hili. Juni 1314, baada ya jeshi la England kushindwa Bannockburn, mabwana wakubwa walikimbilia humu wakitafuta usalama, akiwemo Humphrey de Bohun, Earl (cheo cha mtawala wa jimbo) wa Hereford. Msimamizi wa ngome, Walter fitz Gilbert, aliona upepo unakovuma, akawakabidhi wageni wake pamoja na ngome yenyewe kwa Edward Bruce, ndugu wa Robert Bruce, mfalme wa Scotland. De Bohun alibadilishwa kwa mateka waliokuwa England kwa miaka minane: Elizabeth, mke wa Robert Bruce, Marjorie, binti yake, Christina, dada yake, na askofu Robert Wishart. Kwa hiyo kurudi nyumbani kwa malkia wa Scotland kulipitia mlango wa ngome hii. Mkiwa na nafasi ya kueleza jambo moja tu kwa msichana wa miaka tisa, waheshimiwa, mwelezeni hilo.

Baada ya hapo ngome iliharibiwa ili isitumike tena. Ikatumika tena. Mwaka 1336 Edward wa Tatu, mjukuu wa yule wa mikokoteni, alikaa hapa karibu mwezi mzima mwishoni mwa mwaka, na mwashi wake mkuu, John de Kilburne, akaikarabati.

Na sasa tunafika kwa mwenye nyumba. Andrew Murray (jina ni lilelile la akina Moray, limeandikwa tofauti tu) alikuwa mtoto wa yule Andrew Moray aliyeongoza pamoja na William Wallace katika ushindi wa daraja la Stirling, mwaka 1297, na akafa kwa majeraha kabla mwaka haujageuka. Mtoto alizaliwa baba akiwa kaburini. Alikua, akamwoa Christina, yuleyule dada wa Mfalme Robert niliyemtaja, akawa Mlinzi wa ufalme wakati mfalme mtoto, David mwana wa Robert, alipokuwa amehifadhiwa Ufaransa. Bothwell ilikuwa mali ya ukoo wake. Machi 1337 alifika mbele ya kuta hizi na mtambo mkubwa wa kivita ulioitwa Boustour. Aliiteka ngome ya babu zake. Kisha akaamuru mnara ubomolewe. Nusu ya magharibi ikaporomoka kuelekea Clyde.

Hakuwa na wazimu, wala hakufanya kwa hasira. Mwaka uliotangulia alikuwa ameifanyia Dunnottar vivyo hivyo. Askari wake walikuwa wachache. Hakuweza kuacha walinzi katika kila ngome aliyoiteka, na alijua kwamba ngome yoyote atakayoiacha nzima, Waingereza watarudi kulala ndani yake. Basi aliharibu kile ambacho asingeweza kukilinda. Mwaka 1338 akafa. Hakupata kuishi Bothwell.

Nilipowauliza watoto kwa nini mtu avunje kwao, mvulana mmoja ambaye wazazi wake walikimbia Kivu alijibu bila kufikiri sana: "Ili askari wasirudi kulala humo." Hakuna aliyemfundisha. Nilitazama pembeni.

Waheshimiwa, ombi langu la kwanza linatoka hapo. Nusu iliyokosekana ndiyo maana ya mahali hapa. Mnara mzima ungetuambia kwamba Walter alikuwa na fedha na majivuno. Mnara uliokatwa unatuambia kilichowapata watu miaka 40 ya vita, na uamuzi alioufanya mtu mmoja dhidi ya urithi wake mwenyewe. Nawasihi kisa hiki kisimuliwe palepale mkato ulipo, upande wa mto, kwa maneno mepesi ambayo mtoto atayaelewa, na si kwa mstari mmoja wa tarehe. Kimwambie mgeni jina la aliyebomoa na sababu yake. Kiwataje pia waliofanya kazi: maseremala wa Glasgow, waendesha mikokoteni, waashi wa de Kilburne waliojenga wakati wa baridi kitu kilichoangushwa miezi michache baadaye.

Yaliyofuata nitayapita haraka. Mwaka 1362 Archibald Douglas, aliyeitwa Mkali, alimwoa Joanna, mrithi wa akina Moray, na kwa ndoa ngome ikapata mwenyeji mpya, kama ilivyowahi kuwapata akina Moray wenyewe. Yeye na mwanawe ndio waliojenga ukumbi mkubwa na kanisa dogo vilivyobaki leo, nao akina Douglas ndio walioziba ule mkato kwa ukuta ulionyooka. Hawakujaribu kuurudisha mduara. Mwaka 1455 Douglas walianguka mbele ya mfalme, na Bothwell ikapita mikononi mwa mabwana kadhaa. Mwishoni mwa karne ya 17 Earl wa Forfar akaona mawe ya ngome yanafaa zaidi kwa jumba la kisasa jirani. Akayang'oa na kujenga Bothwell House. Chini ya ardhi hiyo kulikuwa na makaa ya mawe. Wachimbaji walichimba mpaka jumba likaanza kuzama, likabomolewa mwaka 1926. Ngome iliyoibiwa mawe bado imesimama, na tangu 1935 iko chini ya ulinzi wa serikali, maana yake chini yenu na waliowatangulia.

Ombi la pili linahusu mvua.

Nimezaliwa Kilwa. Babu yangu alikuwa fundi wa chokaa, na utoto wangu ulinukia chokaa inayochomwa. Nilijifunza kwake kwamba ukuta wa mawe hupumua kupitia chokaa: maji yakiingia, chokaa huyatoa polepole; chokaa ikichoka, unaweka nyingine, na jiwe linabaki salama. Mawe mekundu ya Bothwell ni mawe ya mchanga, laini, na kanuni ni ileile. Mkiyaziba kwa saruji, maji hukwama nyuma, yakaganda wakati wa baridi, yakatanuka, na uso wa jiwe ukamenyeka. Nyinyi mnalijua hili vizuri. Mafundi wenu wamekuwa wakiondoa saruji za karne iliyopita kwenye majengo mengi ya nchi hii. Ninachosema ni kwamba mvua haisubiri bajeti.

Ripoti iliyotolewa mwaka 2018 kuhusu athari za tabianchi ilichunguza maeneo 352 yaliyo chini ya serikali, na ikakuta 188 yako katika hatari kubwa au kubwa sana. Hiyo ni zaidi ya nusu. Tangu 2021 magofu mengi nchini yamewekewa uzio ili mawe ya juu yakaguliwe, na nawapongeza kwa kutocheza na maisha ya watu. Uzio ni sawa. Lakini uzio usio na tarehe humzoesha mtu kupita bila kutazama, na jambo lililozoeleka hivyo halina wa kulitetea bajeti inapogawanywa. Naomba kwa kila gofu, kuanzia na mnara wa Bothwell, mtangaze kwa lugha ya kawaida: kimekaguliwa nini, kimekutwa nini, kitatengenezwa lini, na kama hakuna fedha, semeni hakuna fedha. Wananchi wa Lanarkshire wanastahili kuambiwa, na naamini watasimama nanyi mkiwaambia.

Na kazi itakapoanza, ifanyeni hadharani na mfundishe vijana. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004, yakaondolewa mwaka 2014. Miaka kumi. Katika kazi ile watu wa kisiwani wenyewe walichanganya chokaa na kushika mwiko, na leo wanajua ukuta upi unalia. Bonde la Clyde lina vijana wasio na kazi na lina mawe yanayohitaji mikono. Wachache tu, wakifundishwa kuchanganya chokaa na kuchonga jiwe la mchanga mbele ya macho ya wageni, wangeulinda mnara huu kwa miaka mingi baada yetu.

Ombi la tatu ni dogo, nalo ni letu zaidi.

Kutoka ngomeni, ukifuata njia ya mto kwenda juu, unafika kwenye daraja la waenda kwa miguu, na ng'ambo yake ni Blantyre. Pale, mwaka 1813, alizaliwa David Livingstone. Akiwa na miaka kumi aliingizwa kwenye kiwanda cha pamba, saa 14 kwa siku, kusokota pamba iliyovunwa na watumwa ng'ambo ya bahari. Walioandika maisha yake wanasimulia kwamba katika siku zake za utoto alipanda juu ya kuta za Bothwell kuliko wenzake wote na kuchonga jina lake. Kwetu anajulikana kwa Ujiji na kwa Bagamoyo. Alipofariki mwaka 1873 huko Chitambo, katika nchi iitwayo Zambia leo, Abdullah Susi, James Chuma na wenzao waliukausha mwili wake na kuubeba kwa miezi, zaidi ya kilomita 1,500, mpaka wakaufikisha Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Kati ya waliokuwamo katika msafara ule wapo waliowahi kuwa watumwa.

Kwa hiyo njia ile ya mto inaunganisha mambo mawili ambayo kwa sasa mtu huyaona mbalimbali: ngome ya mabwana, na chumba kimoja cha familia ya wafanyakazi wa kiwanda ambamo alikulia mtoto aliyebebwa mwisho wa maisha yake na watu wa lugha yangu. Naomba njia hiyo iwekewe alama kutoka mwisho hadi mwisho, na mahali fulani katikati, karibu na daraja, yaandikwe majina ya Susi na Chuma pamoja na maneno machache ya Kiswahili. Sentensi mbili zinatosha. Niko tayari kuziandika bila malipo, na kuna wazazi katika darasa langu wanaoandika Kiswahili kizuri kuliko changu watakaozihariri.

Tulipofika darajani siku ile, binti aliyeuliza kuhusu nusu ya mnara alisimama katikati akayatazama maji. Akaniuliza kama mawe bado yapo chini. Nilimwambia Clyde imekuwa ikipita juu yake kwa karibu miaka 700, na kwamba mengine huenda yalikwishabebwa na watu kujengea nyumba zao. Hakuridhika. Alitaka mtu mwenye mamlaka amjibu: je, kuna yeyote aliyewahi kuyatafuta?

Swali hilo nimeshindwa kulijibu, basi nalileta kwenu pamoja na maombi yangu matatu. Darasa letu hukutana Jumamosi saa nne asubuhi. Jibu lenu likija, kwa lugha yoyote, yeye ndiye nitakayempa alisome mbele ya wenzake.

Wenu,
Mwalimu wa Kiswahili wa Jumamosi, Glasgow